Namna ya Kuitazama Filamu ya La novia kwa Kuilinganisha na Tamthilia ya Lorca

Filamu ya Kihispania iitwayo La novia, yaani Bibi Harusi, ilitolewa mwaka 2015 ikiwa imeongozwa na Paula Ortiz, nayo imejengwa juu ya tamthilia ya Federico García Lorca, Bodas de sangre, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Harusi ya Damu. Mtazamaji anayeifungua bila maandalizi hukumbana na tatizo tangu mapema: watu wa mle hawasemi kama watu wasemavyo sokoni au mezani. Mama mzaa chema anamlaani aliyebuni visu, mke anambembeleza mtoto kwa wimbo wa farasi aliyekataa maji, na wapenzi wanaotoroka wanajibizana kwa beti ilhali wanafukuzwa. Wengi huiacha katikati wakisema kwamba picha zinapendeza lakini habari haishikiki. Kwa maoni yangu habari inashikika vizuri sana, ila filamu hii hutazamwa jinsi taarabu inavyosikilizwa, yaani na mtu ambaye maneno ameshayajua na sasa anangoja kusikia yataimbwaje. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyajua maneno.

Anza kwa kuitafuta tamthilia yenyewe. Lorca aliuawa Agosti 1936, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, na ulinzi wa hakimiliki ya maandishi yake nchini humo ulikwisha tarehe 1 Januari 2017, hivyo matini ya Kihispania inapatikana bure na kihalali. Tafsiri ni jambo jingine, kwa sababu mfasiri ana haki yake mwenyewe; kwa hizo tumia maktaba au nunua kitabu, iwe kwa Kiingereza au kwa Kifaransa kulingana na lugha uliyosomea. Si kazi ndefu: ina sehemu tatu zilizogawanywa katika maonyesho saba, na msomaji wa kawaida huimaliza jioni moja.

Hata kama hujui Kihispania, weka matini ya asili kando ya tafsiri, na kila unapofika penye beti au wimbo, isome ile ya asili kwa sauti. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Irabu za Kihispania ni tano zilezile, a, e, i, o na u, na hutamkwa karibu sawa na zetu, bila kubadilika kutoka neno hadi neno. Yaliyobaki ya kujifunza ni machache: h haitamkwi, j husikika kama kh, ll husomwa kama y, ñ ni ny ya nyumba, qu ni k, v haitofautiani na b, na kwa matamshi ya sehemu kubwa ya Uhispania, z pamoja na c iliyo kabla ya e au i husikika kama th ya thelathini. Baada ya robo saa ya mazoezi utaweza kusoma ubeti wa Lorca kwa sauti na kusikia mapigo yake, na hilo ndilo litakalokufaa utakapokaa mbele ya skrini.

Kisa chenyewe ni chepesi, na hakuna haja ya kukificha, kwa kuwa jina la tamthilia limeshataja damu. Kijana aliyenunua shamba la mizabibu anataka kuoa. Mama yake ni mjane. Mumewe na mwanawe mkubwa waliuawa na watu wa ukoo wa Félix, na huyu aliyebaki ndiye mwanaume pekee nyumbani. Binti anayeposwa anaishi na baba yake mbali, katika nchi kavu. Katika tamthilia mama analalamika kwamba wametembea saa 4 bila kuona nyumba wala mti. Binti huyo aliwahi kuwa mchumba wa Leonardo, ambaye ni wa ukoo uleule wa Félix, na ambaye uchumba wake ulivunjika kwa sababu ya ufukara, kisha akamwoa binamu wa bibi harusi. Siku ya arusi, baada ya viapo, Leonardo na bibi harusi wanatoroka juu ya farasi mmoja. Bwana harusi anawafuata msituni. Wanaume wawili wanauana.

Zingatia kwamba katika tamthilia ni Leonardo peke yake mwenye jina. Wengine wote ni Mama, Bibi Harusi, Bwana Harusi, Mke, Baba, Kijakazi. Unaposoma, jiulize kila mara mhusika anazungumza kama mtu au anazungumza kama nafasi yake katika ukoo, kwa sababu waigizaji wa filamu walilazimika kuzipa nafasi hizo uso, mwili na historia, na humo ndimo penye mafanikio na makosa ya filamu.

Huenda ukakutana na maelezo kuhusu tukio la kweli lililomchochea mwandishi: mwezi Julai 1928, karibu na Níjar katika mkoa wa Almería, bibi harusi alitoroka na binamu yake saa chache kabla ya kuolewa, na binamu huyo akauawa njiani. Lorca alilifahamu kupitia magazeti. Soma habari hiyo ukipenda, lakini usiitumie kupimia filamu. Katika tukio lile bwana harusi hakufa, wala hakukuwa na mwezi unaozungumza. Tamthilia iliyoandikwa mwaka 1932 na kuonyeshwa Madrid kwa mara ya kwanza tarehe 8 Machi 1933 ilikuwa imeshaondoka mbali sana na gazeti.

Sasa kuhusu ushairi, ambao ndio moyo wa jambo lote. Maonyesho ya mwanzo yameandikwa kwa nathari, na nyimbo zimepenyezwa humo: bembelezi ya mtoto nyumbani kwa Leonardo, kisha nyimbo za kumwamsha bibi harusi asubuhi ya arusi. Kadiri maafa yanavyokaribia, nathari inapungua na beti zinatawala, hadi msituni, katika sehemu ya tatu, ambako wakata kuni, Mwezi na ajuza ombaomba ambaye ni Mauti wanaingia na karibu kila kitu kinasemwa kwa ushairi. Anayejua mabadiliko hayo hashangai wahusika wa filamu wanapoanza ghafla kusema kwa mafumbo. Anatambua kwamba mlango umefunguka.

Jifunze mizani mbili tu. Bembelezi huanza hivi: «Nana, niño, nana / del caballo grande / que no quiso el agua», yaani inamhusu farasi mkubwa aliyekataa maji. Hesabu silabi kwa vidole, ukiunganisha o ya mwisho ya «quiso» na e ya «el» inayofuata, nawe utapata 6 katika kila mstari. Mizani ya pili ni ya 8, ambayo ni mizani ya masimulizi ya kale ya Kihispania, na kwa sikio lililozoea utenzi haina ugeni wowote. Msituni Leonardo anasema: «Porque yo quise olvidar / y puse un muro de piedra / entre tu casa y la mía», kwamba alitaka kusahau, akaweka ukuta wa mawe kati ya nyumba yake na ya mpenziwe. Mstari wa kwanza huishia kwenye silabi yenye mkazo, na kwa kanuni ya Kihispania silabi ya namna hiyo huhesabiwa kama mbili, kwa hiyo 7 zinakuwa 8. Ishike mistari hii miwili mitatu kwa moyo. Utakapoisikia kinywani mwa mwigizaji hutahitaji kusoma maandishi ya chini, na macho yako yatabaki kwenye nyuso, mahali yanapopaswa kuwa.

Baada ya mizani, fuatilia vitu. Lorca hakuwa mwandishi wa kueleza hisia kwa maelezo. Aliziweka katika vitu vinavyoshikika, naye Ortiz amemfuata kwa uaminifu kuliko anavyofuata mpangilio wa matukio. Chukua kalamu na uandike vitu vinne pembeni mwa kitabu: kisu, farasi, maji, kioo.

Kisu kinaingia katika mazungumzo ya kwanza kabisa, kijana anapokiomba ili akakatie zabibu na mama yake anaanza kulaani. Kinarudi mwishoni, mama anapoimba juu ya kisu kidogo ambacho hakijazi hata kiganja lakini kinapenya nyama iliyoshtuka. Farasi anafanya kazi ya upelelezi: Leonardo anadai hatoki, lakini vyuma vya kwato vinaisha upesi, mnyama analowa jasho, majirani wamemwona mbali ukingoni mwa nyika, na kijakazi amesikia kwato saa 9 usiku chini ya dirisha la bibi harusi. Katika filamu sikiliza sauti ya farasi kabla hujamwona. Maji ni ya bembelezi, ambamo farasi mwenye kiu anakataa kunywa, na pia ni ya hotuba ya mwisho ya bibi harusi, nitakayoifikia baadaye.

Kioo ndicho kinachonivutia zaidi, kwa sababu filamu imekikuza kutoka katika mstari mmoja. Palepale msituni, kabla ya ule ukuta wa mawe, Leonardo anasema kwamba vipande vya vioo vinamchoma ulimini. Katika tamthilia ni taswira inayopita. Katika filamu, usiku wa kuamkia arusi, ajuza ombaomba anakuja mlangoni kwa bibi harusi na zawadi: majambia mawili ya kioo, pamoja na ushauri kwamba asiolewe kama hampendi mwanaume huyo. Kwa hiyo kilichokuwa maumivu ya ulimi kimekuwa silaha mkononi. Wapo wanaouona uamuzi huu kuwa ni urembo wa kupita kiasi, nami nauelewa ukosoaji wao, lakini mtu aliyesoma mstari ule ataona kwamba mwongozaji hakubuni kitu kutoka hewani; amelichukua neno la mshairi na kulitazama kwa uzito ambao wengi wetu hatuzipi taswira.

Ukishasoma na kuandika, tazama filamu. Haifiki saa mbili, hivyo itazame yote bila kuisimamisha, usiku, na simu ikiwa mbali. Tafuta nakala yenye sauti za Kihispania na maandishi ya tafsiri chini ya picha, wala usikubali nakala ambayo sauti za waigizaji zimebadilishwa. Katika miji ya Afrika Mashariki tuna wasimulizi wanaoifasiri filamu kwa sauti zao juu ya sauti ya asili, na ufundi wao una mahali pake, hasa kwenye filamu za mapigano. Hapa, hata msimulizi hodari atazika kilicho bora, maana mapigo ya mistari ndiyo yanayoibeba habari. Ongeza kwamba filamu ina mapenzi ya watu wazima na damu, kwa hiyo usiipange kuwa ya familia nzima sebuleni.

Katika utazamaji huu wa kwanza usilinganishe chochote. Wacha picha zikupitie. Kazi ya Migue Amoedo, mpigapicha mkuu, ilipata Goya, tuzo ya filamu ya Uhispania, katika sherehe za mwaka 2016, na ni rahisi kuona sababu: vumbi, mwanga wa jua linalozama na kitambaa cheupe vimepewa uzito sawa na wahusika. Muziki ni wa Mjapani Shigeru Umebayashi. Ukisikia pia wimbo wa kienyeji uitwao La Tarara, anaouimba Inma Cuesta, mwigizaji wa nafasi ya bibi harusi, ujue kwamba haumo katika tamthilia, lakini si mgeni kwa Lorca: mwaka 1931 alipiga piano katika santuri za nyimbo za kienyeji zilizoimbwa na La Argentinita, na wimbo huo ulikuwa mmojawapo. Wimbo wa mtindo wa walzi unaosikika humo nao una nasaba, kwa kuwa mwanamuziki Leonard Cohen aliutengeneza kutokana na shairi la Lorca. Binafsi walzi hiyo inanitoa kidogo katika nchi ya filamu. La Tarara inanirudisha.

Ulinganishaji ni wa mara ya pili, siku nyingine, na safari hii unaruhusiwa kusimamisha. Anza na mandhari. Sehemu ya filamu ilipigwa Kapadokia, nchini Uturuki, na sehemu nyingine Monegros, nyika kavu ya Aragón, mkoa anakotoka mwongozaji mwenyewe. Unaweza kujiuliza kwa nini Uturuki kwa kisa cha Andalusia, kusini mwa Uhispania. Rudi kwenye maelekezo ya onyesho la tatu: Lorca ameandika kwamba bibi harusi anaishi pangoni, penye milango ya mviringo na kuta nyeupe ngumu. Kapadokia ni nchi ya makazi yaliyochongwa ndani ya miamba. Ama ulikuwa uaminifu kwa matini, ama ilikuwa bahati, mandhari yameikaa tamthilia vizuri kuliko kijiji chochote cha kadi za watalii.

Kisha pima badiliko kubwa kuliko yote. Filamu inawafanya bibi harusi, bwana harusi na Leonardo kuwa marafiki watatu wasioachana tangu utotoni. Tamthilia haina jambo hilo. Kinachopatikana ni ukaribu: tunaona kwamba anayesalitiwa ni rafiki, naye Asier Etxeandia, katika nafasi ya bwana harusi, anapata nafasi ya kuumia badala ya kuwa kijana mwema asiye na rangi. Kinachopotea ni kisasi. Katika tamthilia koo hizi mbili zina damu kati yao. Jirani anamkumbusha mama kwamba Leonardo alikuwa na miaka 8 tu yalipotokea mauaji, na bado mama hawezi kulisikia jina la Félix bila kutema. Ni vigumu kuamini kwamba mama wa namna hiyo angemwacha mwanawe acheze na mtoto wa ukoo ule. Isome tena ile sehemu ya mwisho wa arusi, mama anapotangaza kwamba saa ya damu imefika tena na kuwagawa wageni katika makundi mawili, halafu iangalie katika filamu. Kwangu mimi uzito wa mama unatosha kuziba ufa huo, na uzito huo ni wa Luisa Gavasa, aliyepata Goya ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Filamu ilikuwa imependekezwa katika vipengele 12, ikashinda viwili, na mojawapo ni hiki cha haki kabisa.

Angalia vilevile ajuza. Lorca anamweka katika sehemu ya tatu tu, ambamo msituni anashirikiana na Mwezi kuwatafutia wauaji njia yenye mwanga. Filamu inamleta mapema, hivyo kifo kinabisha hodi kabla ya arusi na bibi harusi anaonywa waziwazi. Je, kuonywa huko kunamwongezea hatia au kunampunguzia? Wanaotazama pamoja hugawanyika hapa, na ni swali zuri la kuanzishia mazungumzo kama mko kundi. Swali jingine ni la mapambano yenyewe. Jukwaani hayaonekani: vinasikika vilio viwili, ajuza anafungua shuka lake kama ndege mkubwa mwenye mbawa, basi. Tazama kamera ya Ortiz inasimama wapi wakati huo, na uamue kama macho yamekuongezea chochote juu ya kile ambacho masikio yangetosha kukuambia.

Usiimalize filamu kabla hujarudi kwenye hotuba ya bibi harusi mbele ya mama aliyefiwa. Simamisha kidogo ikibidi, uisome, kisha uendelee. Amekuja ili auawe, na kabla ya hapo anataka asikike. Anasema, kwa tafsiri yangu: alikuwa mwanamke aliyeungua, mwenye vidonda ndani na nje, na mwana wa mama huyu alikuwa maji kidogo ambayo alitarajia yangempa watoto, ardhi na afya, lakini yule mwingine alikuwa mto wa giza uliojaa matawi. Haombi radhi wala hajitetei kwa uongo. Msomaji aliyefuata maji tangu bembelezi ataona kwamba swali la farasi limejibiwa hapa, na Inma Cuesta anaisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka kulia. Kama una muda wa kurudia sehemu moja tu ya filamu nzima, rudia hiyo.

Aliyependa anaweza kuendelea na filamu nyingine zilizotokana na tamthilia hiihii. Argentina ilitoa ya kwanza mwaka 1938, akiwemo Margarita Xirgu, mwigizaji aliyefanya kazi kwa karibu na Lorca mwenyewe. Souheil Ben-Barka aliihamishia Morocco mwaka 1977. Lakini kama ni moja, chagua ya Carlos Saura ya mwaka 1981, ambamo kundi la flamenko la Antonio Gades linaicheza hadithi nzima katika ukumbi wa mazoezi, karibu bila maneno. Iweke baada ya La novia, isitangulie: mapambano ya visu yanachezwa humo polepole na kwa ukimya, na mtu asiyejua bado nani anamfuata nani, na kwa nini, atakosa nusu yake.